Mwenye Kibanda Asiye na Shamba: Maana na Asili ya Neno “Cottar”

Mfasiri anayekutana na neno la Kiingereza “cottar” katika hati ya zamani ya ardhi hufungua kamusi, akaambiwa kwamba ni mtu aishiye katika nyumba ndogo ya kijijini. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanamwacha pale pale alipokuwa. Kama udogo wa nyumba ndio uliompa mtu huyo jina, basi karibu kila mkazi wa mashambani nchini Uingereza katika karne ya 11 angestahili kuitwa hivyo, kwa kuwa mkulima mwenye eka 30 naye alilala katika nyumba ya miti, udongo na manyasi ambayo mpita njia asingeweza kuitambua kwa urahisi miongoni mwa nyumba za jirani zake wenye eka tatu. Tofauti yao ilianzia nje ya mlango: mmoja alitoka akaingia shambani kwake, na mwingine alitoka akaingia shambani kwa mtu.

Inafaa kwanza tumpatie mtu huyu jina la Kiswahili, na kazi hiyo si nyepesi. “Mtu wa nyumba ndogo” haifai, kwa sababu ambazo kila msomaji mtu mzima anazijua. “Kota”, ambalo lingekuwa umbo la karibu zaidi kwa matamshi, limekwisha kupata kazi nyingine katika Kiswahili, kwani ni jina la nyumba za wafanyakazi wa reli, za hospitali na za mashamba ya mkonge. “Mkaa kibandani” humleta akilini muuza vocha. Kwa hiyo katika makala haya nitamwita “kotari”, na wingi wake “makotari”, nikilifuata umbo la Kilatini “cotarius” ambalo makarani wa wafalme walilitumia walipowaandika watu hawa katika madaftari yao.

Mzizi wa neno ni “cot”, neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kibanda au makazi duni, yawe ya mtu au ya mnyama. Lina ndugu zake katika lugha za jirani: Wajerumani wa kaskazini wana “Kate”, na watu wa Iceland wana “kot”. Kiingereza cha leo bado kinaliita tundu la njiwa kwa mzizi huohuo. Mzizi huo umejificha pia katika majina ya mahali, kama vile Didcot, na Ascot, ambalo kwa asili ni “kibanda cha mashariki” na ambako siku hizi wafalme na matajiri hukusanyika kutazama mbio za farasi. Jina la ukoo la Cotton, ambalo wengi hudhani lina uhusiano na pamba, mara nyingi limetokana na vijiji vilivyoitwa “penye vibanda”. Hata hivyo mtu asirukie kila jina linalofanana: watu wengi wa Ayalandi wanaoitwa Cotter hawana uhusiano wowote na vibanda, bali jina lao limetoka kwa mtu wa kale wa Skandinavia aliyeitwa Óttarr.

Mzizi huo ulipovuka bahari na kuingia katika Kifaransa ulizaa neno “coterie”. Mwanzoni lilikuwa jina la kundi la wakulima walioshika kwa pamoja ardhi ya bwana mmoja, na baadaye likawa jina la kikundi cha watu wachache wanaojifungia katika mambo yao. Leo linapotumiwa kuhusu wasanii au wanasiasa wa mjini, hakuna anayekumbuka wakulima waliochangia kodi.

Maelezo ya zamani zaidi yanayomweleza kotari kwa kirefu yamo katika waraka ulioandikwa kwa Kiingereza cha kale mwanzoni mwa karne ya 11, ambao wanahistoria huuita kwa jina lake la Kilatini, Rectitudines Singularum Personarum, yaani haki na wajibu wa kila mtu. Ndani yake anatajwa “kotsetla”, mkaa kibandani. Huyu halipi kodi ya ardhi kwa fedha. Badala yake humfanyia bwana wake kazi kila Jumatatu kwa mwaka mzima, na wakati wa mavuno siku tatu kila wiki. Waraka unasema anapaswa kuwa na eka tano, zaidi ya hapo ikiwa desturi ya mahali inaruhusu, na kwamba zikipungua tano zitakuwa chache mno, kwa sababu kazi yake ni ya mara kwa mara. Kisha unaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: siku ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana hulipa peni ya meko, kama inavyompasa kila mtu huru.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayovuruga picha iliyozoeleka ya jamii ya kikabaila kama ngazi moja iliyonyooka, mtumwa akiwa chini, mtu huru juu. Kotsetla wa waraka huu ni mtu huru, lakini ana ardhi kidogo kuliko mkulima jirani yake aliyefungwa na masharti mazito zaidi. Kulikuwa na mizani miwili, mmoja wa uhuru na mwingine wa ardhi, na mizani hiyo haikulingana. Neno kotari lilimweka mtu katika mizani ya ardhi, na uhuru wake ulibadilika mahali na mahali, hata kufikia karne ya 13 ambapo katika milki nyingi alihesabiwa kuwa miongoni mwa wasio huru, asiyeweza kuhama au kumwoza binti yake bila kumlipa bwana.

Mfalme William, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, aliamuru ufanyike uchunguzi mkubwa wa mali uliokamilika mwaka 1086 na unaojulikana kama Domesday. Humo waliandikwa wakuu wa nyumba wapatao 270,000 kwa makundi yao. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la “villani”, wakulima wenye mashamba ya kutosha, ambao walikaribia 109,000. Likafuata la “bordarii”, zaidi ya 80,000. Makotari walioandikwa kwa jina hilo walikuwa kama 5,000 tu, na watumwa walizidi 25,000. Kuna anayezitazama hesabu hizi akadhani kwamba makotari walikuwa wachache, na hapo ndipo anapokosea. “Bordarii” limetokana na neno la Kifaransa la kibanda cha mbao, kwa hiyo kimaana ni pacha wa kotari, na mara nyingi inaonekana kwamba jina lililoandikwa lilitegemea karani wa wilaya ile kuliko hali ya mtu mwenyewe. Ukiyajumlisha makundi hayo mawili unapata karibu theluthi moja ya watu wote walioandikwa. Ajabu ni kwamba neno lililokuwa na watu wengi ndilo lililofifia katika hati za karne zilizofuata, na lile la watu wachache likadumu.

Domesday hiyohiyo inatuonyesha kotari akiwa kazini. Pale Westminster, ambapo leo lipo Bunge la Uingereza, walikuwepo makotari 41 waliolipa shilingi 40 kwa mwaka kwa ajili ya bustani zao. Bila shaka London ilikuwa karibu na ilihitaji mboga. Kwingineko kotari alikuwa mchungaji, mhunzi, mfinyanzi au kibarua wa jirani mwenye ng’ombe wa kulima. Bwana mwenye milki alimhitaji kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kulima: shamba linahitaji watu wachache kwa miezi mingi na watu wengi kwa wiki chache. Ukimpa mtu kibanda na eka zisizomtosha, hatakufa na njaa, wala hatakosa kuja siku ya mavuno. Eka tano zilipimwa kwa hesabu hiyo.

Majina ya watu wa mashambani yana tabia ya kuharibika mdomoni mwa watu wa mjini. “Villanus” alikuwa mkulima wa kawaida, na leo “villain” ni yule mtu mwovu wa kwenye filamu. Sisi tunaosema Kiswahili tusicheke sana, kwa kuwa tumemfanyia hivyohivyo mtu wa shamba, tukamwita mshamba kisha tukaanzisha neno ushamba kwa ajili ya tabia zake. Kotari aliponea hapo. Jina lake halikugeuka tusi, na kilichogeuka ni nyumba yake, kama tutakavyoona.

Eka tano hazikuwa mali yake yote. Kila kijiji kilikuwa na ardhi ya wote, na kotari alikuwa na haki za kidesturi humo: kulisha ng’ombe mmoja au bukini wachache, kuokota kuni, kukata mboji ya kukaushwa kuwa nishati, na baada ya mavuno mkewe na watoto waliokota masazo ya masuke kama Ruthu wa Biblia. Haki hizi mara nyingi zilifungamana na nyumba. Aliyekuwa na kibanda cha kale alikuwa nazo, na aliyekijenga jana hakuwa nazo, au alizitumia mpaka mtu alalamike. Ndiyo maana swali la nani anaruhusiwa kujenga kibanda lilikuwa swali la uchumi.

Mwaka 1589, katika utawala wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lilipitisha sheria iliyokataza mtu kujenga kibanda kipya bila kukiambatanisha na ardhi ya eka zisizopungua nne, yaani kama hekta 1.6. Aliyekiuka alitozwa pauni 10, na kila mwezi ambao kibanda kiliendelea kusimama kilitozwa shilingi 40, na zaidi ya hayo ilikatazwa familia mbili kuishi katika kibanda kimoja. Miji, migodi, mabaharia wa pwani na walinzi wa misitu waliachwa nje ya masharti hayo. Sheria hii imesomwa kwa namna mbili zinazopingana, na mimi naona zote mbili zina ukweli. Wengine huiona kama huruma, kwamba serikali ilitaka kila maskini apate mahali pa kulima. Wengine huiona kama ukuta, kwa sababu mwenye ardhi asiyetaka kutoa eka nne aliacha tu kujenga, na kijiji hakikubeba mzigo wa maskini wapya. Sheria ilifutwa mwaka 1775, na kwa muda huo wote vibanda bila eka nne viliendelea kuota, vingine kwa kibali cha mahakimu na vingine kwa kufumbiwa macho. Nchini Welisi watu waliamini kwamba anayeweza kujenga nyumba kwa usiku mmoja juu ya ardhi ya wote, moshi ukaonekana juu ya paa kabla jua halijachomoza, nyumba hiyo ni yake. Imani hiyo haikuwa sheria mahali popote, lakini nyumba zilijengwa.

Pigo kubwa lilikuja kwa kuzungushia uzio ardhi ya wote. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kugawa malisho na mashamba ya pamoja kuwa mali ya watu binafsi, na nyingi kati yake zilitoka katika miaka 80 inayoishia mwaka 1830. Mwenye haki iliyoandikwa alipata fidia ya kipande, ambacho gharama ya kukizungushia uzio ilimlazimu akiuze. Kotari aliyekuwa amepangishwa kibanda chake hakupata kitu, kwani fidia ilikwenda kwa mwenye nyumba. Alibaki na paa na mikono yake, na tangu hapo Kiingereza kikaanza kumwita kibarua wa shamba.

Ayalandi ilikuwa na neno lake la jamii hiyohiyo, “cottier”, na huko maana yake ilikwenda mbali zaidi. Huyu alipewa kibanda cha udongo na kipande cha ardhi, mara nyingi kisichofika eka moja, akavilipia kwa siku za kazi zilizohesabiwa, bila fedha kupita mkononi. Kipande hicho kiliweza kulisha familia kwa sababu ya zao moja tu, viazi mviringo, ambavyo mwanamume mzima alikula kilo tano au zaidi kwa siku. Mwaka 1841 sensa ilihesabu watu milioni 8.2 na nyumba za daraja la nne, yaani za udongo zenye chumba kimoja, karibu 490,000. Ugonjwa wa viazi uliingia mwaka 1845. Mwaka 1847 Bunge la London liliweka sharti kwamba anayeshika zaidi ya robo eka asipewe msaada mpaka aiachie ardhi hiyo, na watu wakalazimika kuchagua kati ya uji wa serikali na bustani yao. Watu wapatao milioni moja walikufa, wengine zaidi ya milioni wakahama, na sensa ya mwaka 1851 ilikuta nyumba za daraja lile takriban 135,000 tu. Tabaka zima lilikuwa limetoweka kwa miaka kumi.

Wakati huohuo mwanauchumi John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1848, alilichukua neno hilo na kulitanua, akaita mfumo wa “cottier” kila hali ambayo kodi ya ardhi hupangwa kwa ushindani wa wakulima wenyewe wanaopandishiana bei kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Hapo nyumba ilitoka kabisa katika maana ya neno. Msomaji wa vitabu vya uchumi asipolijua hilo hushangaa kuona mpangaji wa eka 15 akiitwa kwa jina la mkaa kibandani.

Nchi za kaskazini zilikuwa na wenzao. Norwe ilikuwa na “husmann”, Denmark “husmand”, Uswidi “torpare”, Ufini “torppari”, ambao huko Ufini walipewa haki ya kununua vipande vyao kwa sheria ya mwaka 1918, mara baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Uswidi ilikwenda hatua moja zaidi katika kupambanua: torpare alikuwa na kibanda na kishamba, na chini yake alikuwepo “backstugusittare”, aliyekuwa na kibanda kitupu. Siku hizi familia za Stockholm huenda likizo ya kiangazi katika vibanda hivyohivyo vilivyopakwa rangi nyekundu, kama vile Mwingereza tajiri anavyotafuta “cottage” ya mawe yenye waridi mlangoni. Neno la nyumba limepanda daraja baada ya wenyewe kuondoka, na hoteli za pwani yetu nazo huliandika kwenye mabango kwa sababu lina harufu ya starehe.

Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na makotari kwa jina, lakini Waingereza walileta neno lingine kutoka katika historia hiyohiyo. Aliyejenga kibanda juu ya ardhi ya wote bila kibali waliwahi kumwita “squatter”, na neno hilo limekuwa skwota, maskwota. Kwa maana yake ya asili skwota ni mvamizi. Hata hivyo, mtu aliyeitwa hivyo katika mashamba ya walowezi wa Kenya alikuwa amekaribishwa, akapewa mahali pa kujenga, kulima na kulisha mifugo, naye akalipa kwa kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Jumatatu 52 za kotsetla, hata ukizijumlisha na siku zake za mavuno, hazifiki nusu ya hizo. Zanzibar nako, baada ya amri ya kukomesha utumwa ya mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walibaki katika mashamba ya mikarafuu, wakipanda muhogo chini ya miti ya mwenye shamba na kumpalilia, bila kulipa kodi ya fedha. Wote hawa kwa hali yao walikuwa makotari, na jina la mvamizi liliwafanya waonekane wageni juu ya ardhi waliyoilima. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Zanzibar ilipotaifisha ardhi na kuigawa, kipimo kilichochaguliwa kilikuwa eka tatu kwa familia, moja pungufu ya kile cha Malkia Elizabeth.

Uskoti ndiko neno “cottar” lenyewe lilikodumu. Katika nyanda za kusini kotari alikuwa mpangaji wa mpangaji: alipewa kibanda na mkulima mkubwa kwa sharti kwamba kotari na familia yake wamsaidie kazi, na karne ya 18 ilipoleta kilimo kipya vibanda hivyo vilibomolewa kimya kimya. Kaskazini na visiwani mambo yalikwenda kwa kelele zaidi. Baada ya ghasia katika kisiwa cha Skye mwaka 1882 na uchunguzi wa tume ya serikali, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1886 iliyowapa wakulima wadogo wanaoitwa “crofter” usalama wa kutofukuzwa ovyo na kodi ya haki. Sheria hiyo ililazimika kusema pia kotari ni nani, na ikasema kwa usahihi ambao kamusi hazijaufikia: ni mkaaji wa nyumba asiyelipa kodi yoyote, au anayepanga nyumba mwaka hadi mwaka kwa kodi isiyozidi pauni sita, akiwa na bustani au bila bustani, lakini bila ardhi ya kulima wala ya malisho. Huyu hakupewa usalama wa kubaki. Alipewa fidia ya alichojenga, iwapo angefukuzwa.

Haishangazi kwamba waliovamia mashamba katika miaka iliyofuata walikuwa hasa makotari. Novemba 1887 katika kisiwa cha Lewis waliingia kwa mamia katika pori la Pairc, ambalo lilikuwa limetengwa kwa ajili ya paa wa kuwindwa na matajiri, wakawapiga risasi paa na kuwala. Waliofikishwa mahakamani Edinburgh waliachiwa. Kuanzia mwaka 1906 wengine kutoka Barra na Mingulay walihamia Vatersay, kisiwa kilichokuwa shamba la mtu mmoja, wakajenga vibanda na kupanda viazi. Mwaka 1908 kumi kati yao walifungwa, na mwaka uliofuata serikali ikakinunua kisiwa hicho ili kigawiwe.

Kotari bado yumo katika sheria za Uskoti. Mageuzi ya mwaka 1976, ambayo yaliingizwa baadaye katika sheria ya mwaka 1993, yalimwezesha “crofter” kununua ardhi anayoilima, na kotari naye hakusahauliwa: anaweza kuomba mahakama ya ardhi imlazimishe mwenye milki kumuuzia kiwanja ambacho nyumba yake imesimama juu yake, pamoja na bustani ya kiasi kinachofaa.